Koche Lililopita Juu ya Fimbo

Watu wakisikia kwamba mwaka wa Vita vya Maji Maji nilikuwa kijana wa kuoa, husogeza mikeka karibu. Wanataka mikuki na moshi, na mimi katikati nimetoa macho. Nikianza kuwaeleza habari za kiwiko na kiganja, wanairudisha mikeka ilikotoka. Basi na wairudishe. Mwaka ule kilichoninyima usingizi kilikuwa mikono yangu mwenyewe, na sitageuza maisha yangu ili watu wengine wapate cha kusimulia barazani.

Nilitaka kuoa. Mwanamke niliyemtaka alikuwa ng'ambo ya kijito, upande wa pili wa mashamba yetu ya mpunga kule Mtunda, kwenye dungu la baba yake. Dungu ni kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa msimu mzima, tukiulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Alikuwa mtalaka. Mume wake wa kwanza alikuwa na sura nzuri na maneno matamu, lakini ulipofika wakati wa kupura mpunga alivunja fimbo zote za nyumba ile, akasema anasikia kizunguzungu, akaenda kujinyoosha kidogo kwa dada yake, kule Mkongo. Sijapata kusikia kwamba ameinuka.

Kwa sababu hiyo baba mtu aliapa kwamba mkwe wa pili atamchagua kwa mikono. Posa yangu aliipokea vizuri, mahari tukaelewana, kisha akasema ndoa itafungwa mpunga wake ukishapurwa. Atakayeupura ni mimi, na yeye atakuwa ameketi pembeni anatazama. Nilicheka moyoni. Nikajiona nimeshaoa.

Kwa asiyejua, kupura ni hivi. Masuke yaliyokatwa hurundikwa kwenye uwanja uliokandikwa udongo, mtu akasimama na fimbo ndefu ya mikono miwili, akayapiga mpaka punje ziachane na masuke. Kila anayetazama kwa mbali hudhani ni kazi ya nguvu. Nami nilidhani hivyo. Siku ya kwanza nilitanua kifua, nikaishika fimbo kwa nguvu zangu zote, nikainyanyua juu ya kichwa na kuishusha kama mtu anayeua nyoka. Ilipiga udongo, ikavunjika, na kipande kikaruka kikampata jogoo wa mkwe wangu. Hakufa, lakini tangu siku ile hakuwika nilipokuwa karibu. Punje zilizotoka siku hiyo nyingi ziliishia kijitoni. Mkwe aliinuka, akausogeza mkeka wake nyuma, akaketi tena.

Siku ya pili fimbo haikuvunjika, bali iliniponyoka, ikaenda kutua ndani ya sufuria ya uji ya jirani. Siku ya tatu nilijipiga ugoko. Mkeka wa mkwe ulikuwa sasa umefika karibu na mpaka wa shamba.

Habari zilienea, na hapo ndipo nilipojua kwamba kila mtu wa Mtunda alizaliwa na elimu ya mikono yangu. Mmoja alisema niteme mate viganjani. Mwingine akaja na mafuta ya nyonyo, nikajipaka, na fimbo ikaruka mbali zaidi ya ile ya uji. Shangazi yangu alitangaza mbele za watu kwamba tangu utotoni nilikuwa nikibeba maji yanamwagika, kwa hiyo wasishangae. Lakini aliyeniudhi kuliko wote alikuwa jirani yangu wa shamba la pili, kijana wa rika langu, kifua kipana, sauti kubwa, meno yote nje. Yule bwana alikuwa akija, ananitazama kidogo, kisha ananinyang'anya fimbo na kupura robo ya rundo kunionyesha, huku akiimba. Alipura vizuri. Nalisema hili kwa shida, lakini alipura vizuri.

Asubuhi moja mwanamke wangu alinikuta kijitoni nimeloweka viganja vyangu vyenye malengelenge. Nilidhani amekuja kunivunjia uchumba. Akaniambia, "Miye nimeachika mara moja kwa sababu ya fimbo. Mara ya pili sitaki. Simama."

Akanifundisha. Alisema naikaba fimbo kama imenitukana. Mkono ukikaza tangu mwanzo, alisema, kiganja hakigeuki, na kiganja kisipogeuka fimbo huja polepole hata kama mtu anatoka jasho. Akanitaka niishike kwa vidole, kwa ulegevu, kama ninavyoshika kifaranga, na nikaze pale tu inapokaribia kupiga. Kiwiko kibaki karibu na mbavu, kisipepee. Kiuno kianze kugeuka, mabega yafuate kiuno, mikono iwe ya mwisho kabisa. Na nisikilize mlio. Fimbo inayokwenda kasi hulia, lakini kumbe inajalisha inalia wapi. Yangu ilikuwa ikilia nyuma ya sikio, maana yake kasi yote ilikwisha kabla haijafika kwenye mpunga. Yake ililia mbele yake, pale pale penye kazi.

Nilimuuliza haya yote kayatoa wapi. Alinijibu kwamba wakati mume wa kwanza anaumwa kizunguzungu, rundo zima alilipura yeye.

Shida ni kwamba rundo la mpunga halisogei. Unaweza kulichelewea na bado ukalipata, kwa hiyo mkono haujifunzi haraka. Akabuni dawa. Kwetu mikoche imejaa, na makoche, yale matunda yake, ni magumu, ukubwa wa yai kubwa. Alijaza kikapu, akasimama hatua chache mbele yangu, akanirushia moja baada ya jingine, nami niyapige yakiwa hewani kabla hayajanipita. Aliniambia koche halinisubiri.

Mwanzoni nilikuwa nikipiga upepo. Kisha nikaanza kuyagusa. Kisha, siku moja ambayo naikumbuka kuliko siku ya kutahiriwa kwangu, nililegeza vidole, kiuno kikatangulia, kiganja kikageuka chenyewe, fimbo ikalia mbele yangu, na koche likaondoka. Sikuhisi hata uzito wake mkononi. Lilivuka kijito, likavuka dungu la mkwe, likapotelea kwenye matete. Tulisimama tukitazama pale lilipopotelea. Kisha akacheka, nami nikajua kwamba nampenda mwanamke yule kwelikweli, hata angekuwa hana shamba.

Tukawa tunafanya hivyo kila asubuhi. Alikuwa na mrusho wa ajabu, moja kwa moja, usawa wa kifua, mahali pale pale. Sijapata kumwona akikosea.

Sasa ndipo vita vinapoingia. Msimu ule watu walikuwa wakinong'ona. Toka vilima vya kusini, kupitia Mbwara, zilikuwa zikija habari za pamba ya kulazimishwa na viboko vya akida, na habari za dawa ya maji inayogeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wanaume walikuwa wakikutana wanacheza likinda, yaani gwaride la siri, wameshika mabua ya mtama mahali pa bunduki. Mimi sikwenda. Nilikuwa na mpunga.

Akapita mchuuzi wa chumvi kutoka upande wa delta, akielekea Mbwara. Akatuona: mwanamke anarusha vitu vigumu kwa kasi, mwanamume anavipiga na kuvirudisha angani. Alimwuliza mkwe wangu tunafanya nini. Kwetu mtu hafichui aibu ya nyumba yake kwa mpita njia, na mkwe angeona bora afe kuliko kusema kwamba mchumba wa binti yake anafundishwa kupura na mwanamke. Akamwambia yule mchuuzi kwamba hayo ni mambo ya wanaume na hayasemwi njiani.

Mchuuzi alikwenda na chumvi yake na maneno hayo. Sijui aliyafikisha Mbwara yakiwa na umbo gani, lakini yaliporudi Mtunda yalikuwa yamenenepa. Ati kuna kijana Mtunda anapiga risasi kwa fimbo na kuzirudisha kwa mwenyewe. Dawa ya wengine inageuza risasi kuwa maji, huyu hana haja hata ya hilo, yeye anazirudisha. Wengine waliongeza kwamba kijitoni nilikuwa nikizungumza na chatu. Shangazi yangu, yule yule wa maji kumwagika, sasa alisema tangu utotoni alikuwa akiniona si mtu wa kawaida.

Nitasema kweli. Nilipendezwa. Watu walikuwa wakininyamazia nikipita. Jirani yangu wa kifua kipana hakuninyang'anya tena fimbo, alikuwa akija na kuomba nimwonyeshe nashikaje. Na mkwe aliusogeza mkeka wake karibu tena, si kwa sababu ya risasi, bali kwa sababu rundo lilikuwa linapungua na jogoo alikuwa salama.

Kisha akaja hongo. Ndivyo tulivyowaita wajumbe wa maji. Alikuwa mzee mrefu, amejifunga kaniki, kibuyu kimening'inia shingoni, na nyuma yake wanaume waliokwisha kunywa dawa. Wanaume wetu walipanga mstari kupokea maji. Mimi nilikuwa nikipura. Akaja mpaka uwanjani, akaniangalia, akasema wanakwenda vilimani kupigana, na kwamba nimesemwa sana njia nzima. Atakayetangulia mbele ya wote nitakuwa mimi na fimbo yangu. Lakini kwanza ataniona kwa macho yake nikipiga koche.

Nikatazama nyuma. Mtunda nzima ilikuwa pale. Mkwe wangu alikuwa ameketi na mgongo umenyooka. Mwanamke wangu alikuwa ameshika ungo, anapepeta, na punje zilikuwa zikimwagika pembeni ya ungo bila yeye kuona.

Ningekuwa na akili ningesema nina kizunguzungu, nikamfuata yule bwana kule Mkongo. Ilikuwa wazi kabisa: nikilipiga koche, kesho natangulia mbele ya bunduki na fimbo ya mpunga. Nikikosa, nabaki, lakini nimeaibika mbele ya mkwe ambaye alitaka mtu wa mikono, na ndoa yangu imekwenda na maji. Mtu mwingine angekaa akapima. Mimi sikupima. Nilikuwa nimelegeza vidole tayari. Nilitaka kulipiga lile koche mpaka lionekane kwa Wajerumani wenyewe.

Hongo aliokota koche, akarusha mwenyewe. Lilianguka karibu na vidole vyake vya mguu. Akarusha jingine, likaenda kwa shangazi yangu. Hakuna aliyethubutu kucheka, mtu mwenye dawa ya kugeuza risasi hachekwi. Alikohoa, akauliza ni nani hurusha kwa kawaida. Watu wakamwonyesha mwanamke mwenye ungo.

Aliweka ungo chini, akaja, akachagua koche kikapuni kama anayechagua nazi ya wageni. Hongo akatangaza kwamba litarushwa moja tu, kwa sababu risasi haimpi mtu nafasi ya pili. Nikasimama. Miguu sawa, kiwiko ubavuni, vidole vimelegea. Nilimtazama usoni, nikatabasamu. Yeye hakutabasamu.

Akarusha. Sijapata kuipiga fimbo vizuri kama siku ile, wala kabla wala baada. Kiuno kilitangulia, mabega yakafuata, kiganja kikageuka, mlio ukatokea mbele yangu mkali kiasi kwamba hongo alirudi nyuma. Na koche lilipita juu. Si juu kidogo. Lilipita juu ya fimbo na kichwa changu na paa la dungu, mahali ambapo hata twiga angelazimika kunyoosha shingo.

Fimbo isiyokutana na kitu haina pa kusimama. Ilinizungusha, nikazunguka nayo, kikoi kikafunguka, nikakalia rundo la mpunga la mkwe wangu nikiwa kama nilivyozaliwa. Mkwe aligeuza uso kuelekea kijitoni. Hata leo, huko kaburini aliko, nina hakika atasema siku ile alikuwa akitazama kijito.

Mtunda ilicheka. Wale waliokunywa dawa, walioambiwa wasicheke, walicheka. Jirani yangu wa kifua kipana alicheka mpaka akashika nguzo ya dungu. Hongo peke yake hakucheka. Alisema mtu aliyeanguka na kuvuliwa nguo kabla ya vita ni nuksi, asipewe maji, asifuate hata nyuma. Na akauliza nani atatangulia. Jirani yangu akafuta machozi ya kicheko, akasema yeye. Akaja akaokota fimbo yangu pale ilipoanguka, akainama na kunirushia kikoi changu. Akaniambia, "Usinune, ndugu yangu. N'takurudishia fimbo yako."

Wakaenda alfajiri. Aliyekuwa na miguu na meno alikwenda. Waliobaki ni wazee, wanawake na mimi.

Sikusema na mwanamke yule siku nyingi. Nilikuwa na hasira ambayo hata uji haukupita. Asubuhi zote zile usawa wa kifua, na siku moja ya maana analirusha kwa ndege. Nilikata fimbo mpya, nikapura rundo la baba yake kimya, kwa hasira yote, lakini kwa vidole vilivyolegea, kwa sababu mkono ukishajua haurudi nyuma. Niliposimama kupumzika niligundua kwamba limekwisha. Mkwe alikuja akachota punje, akazipuliza kiganjani. Akasema ndoa itakuwa Ijumaa. Nilimkumbusha aibu niliyompa mbele ya watu. Akasema yeye aliahidi kumwoza atakayeupura mpunga, na akitazama shamba zima haoni mwanamume mwingine.

Tukaoana. Pilau ilikuwa nyingi na walaji wachache.

Kisha waliokwenda wakaanza kurudi, mmoja mmoja, na hawakuwa wakiimba. Tukasikia kwamba risasi zilibaki risasi. Waliokuwa nyuma wengine walipata pa kukimbilia. Waliokuwa mbele hawakupata. Jirani yangu alikwenda kwa mwendo wake ule wa kifua nje, fimbo yangu mkononi, akiimba ule wimbo wake wa kupura, na mtu aliyekuwa nyuma yake alisema hakumaliza ubeti wa kwanza.

Nililia. Mtu aliyenichosha kwa kelele na kuninyang'anya fimbo mbele ya mchumba wangu, nilimlilia kama ndugu wa mama mmoja, na msimu mzima uliofuata nilisimama uwanjani nikisubiri aje aniambie nashika vibaya. Shamba lake tulimlimia mama yake mpaka mama naye akatutoka.

Usiku ule wa habari sikumuuliza mke wangu kitu. Nilimuuliza asubuhi, anapepeta. Nilisema lile koche lilikuwaje. Hakuinua uso. Akasema, "Mkono uliteleza."

Nimemuuliza tena kila mwaka baada ya mavuno. Nimemuuliza akiwa na furaha, nimemuuliza akiwa na homa, nimewatuma watoto wamuulize, kisha wajukuu. Jibu halibadiliki hata herufi. Nimemweleza kwamba mtu hawezi kurusha mamia ya makoche mahali pamoja kisha moja likaenda mbinguni lenyewe. Ananijibu kwamba mimi nilikuwa nikitabasamu, nikamchanganya.

Sasa tumezeeka. Mpunga wanapura vijana, wanaikaba fimbo, nawapigia kelele, hawasikii. Lakini kazi ikisha, jua likiwa bado lipo, mke wangu huokota makoche machache, akasimama hatua zake zile chache, mgongo umepinda, na mimi nikashika fimbo. Vidole vyangu sasa hulegea hata nisipotaka. Anarusha polepole, moja kwa moja, usawa wa kifua, na mengine nayapata, mengine yananipita kwa uzee wangu mwenyewe. Miaka yote hii, tangu siku ile ya hongo, mkono wake haujateleza tena.